Shoo za Wikendi Tao na Westlands: Hakikisha Kiingilio Chako Kimefika kwa Bendi

Ijumaa ikikaribia, simu za wapenda muziki wa Nairobi huanza kujaa mabango ya shoo. Hatuzungumzii zile za uwanjani zenye wadhamini na mahema ya VIP. Tunazungumzia zile ndogo: bendi ya roki kwenye ghorofa ya chini Westlands, dijei anayecheza midundo aliyoitunga mwenyewe chumbani kwake, marapa watano wanaogawana maikrofoni moja. Redioni huzisikii. Bango linatupwa Instagram, linasambaa WhatsApp, na chini yake kuna namba ya kulipia.

Hiyo namba ndiyo tunataka uiangalie vizuri wikendi hii. Shoo kubwa ina mdhamini wa kuziba pengo mambo yakienda mrama. Shoo ndogo haina. Pesa yako ikipotea njiani, anayelala njaa ni mpiga ngoma.

Muziki wenyewe uko wapi?

Ukianzia tao, kuna Alliance Française na Goethe-Institut, majirani pale Loita na Monrovia. Kumbi hizi mbili zimewapa jukwaa wasanii wengi kabla majina yao hayajajulikana, na tamasha nyingi za pale huanza jioni mapema, kwa hivyo unaweza kusikiliza na bado upate mathree ya kwenda nyumbani.

Ukipanda mathree ya Kangemi ushuke Westlands, mambo yanabadilika. Hapa usiku ni mrefu. Kumbi kama Muze na The Mist zimejijengea jina kwa muziki wa elektroniki, na Santuri wana shule yao ndani ya The Mall, wanakofundisha vijana kutengeneza muziki na kucheza kama madijei. Ukitaka kitu cha utulivu zaidi, panda namba 46 inayopitia Yaya kuelekea Kawangware. Huko Kilimani na Lavington utapata mikahawa inayoita bendi za jazi na waimbaji wa gitaa moja.

Usidharau udogo wa shoo hizi. Duma, wawili waliotoka kwenye bendi za metali za hapa Nairobi, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka wa 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na muziki wao ukafika hadi majukwaa ya Ulaya. Mwaka huo huo KMRU, kijana wa Nairobi na mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri Joseph Kamaru, alitoa albamu ya Peel, ambayo wasikilizaji wa nje waliipokea kwa mikono miwili. Wasanii wa aina hii hukua kwa watu wachache wanaolipa kiingilio, tena na tena.

Hesabu ya mlangoni

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kiingilio ni shilingi 500 na watu 80 wamekuja. Hiyo ni 40,000. Mitambo ya sauti na fundi wake, 15,000. Ukumbi, 10,000. Kubeba vyombo, bango na mlinzi, 5,000. Inabaki 10,000. Bendi ina watu watano, kila mmoja anaenda nyumbani na 2,000.

Sasa tuseme watu 20 kati ya wale 80 wameingia bila kulipa, au wamelipa namba ya mkora. Mlango umeleta 30,000. Fundi wa sauti anataka pesa yake, mwenye ukumbi anataka yake, mwenye pikapu yuko nje anangoja. Bendi inabaki na sufuri.

Kumbe hao watu 20 ndio mshahara wa bendi nzima.

Hiyo namba ni ya nani?

Kwenye mabango utakutana na namba za aina tatu hivi: ya simu ya mtu binafsi, ya Pochi la Biashara, au till na Paybill. Zote zinaweza kuwa halali, lakini hazifanyi kazi sawa.

Ukilipa kwa till ya Buy Goods, wewe mteja hukatwi ada, na jina la biashara linaonekana. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi kiasi kinachozidi shilingi 100, wewe ndiye unayelipa ada ya kutuma.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Kama mwenye laini ana deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yake hukatwa kwanza kulipa lile deni. Fikiria bendi imeamua kukusanya kiingilio kwa simu ya mpiga besi, na mpiga besi alifuliza wiki iliyopita ili alipe rent. Watu wa kwanza kulipa wanamlipia deni lake bila kujua, na saa sita usiku hesabu haikubaliani. Urafiki wa miaka huvunjika hivyo. Kwa hivyo ukiona bango lina till yenye jina la bendi au la waandaaji, jua hapo kuna watu waliojipanga.

Bango linaweza kudanganya

Shoo ndogo huhama. Novemba 2022, serikali ya Kaunti ya Nairobi iliagiza leseni za klabu zilizo kwenye mitaa ya makazi zifutwe kwa sababu ya kelele. Tangu hapo, mwandaaji anayetaka kufanya kitu Kilimani au Kileleshwa anajua majirani wanaweza kupiga simu wakati wowote. Ukumbi unaweza kubadilika Ijumaa mchana, na bango jipya linatolewa haraka haraka.

Wakora wanapenda hapo. Wanachukua bango la kweli, wanabadilisha namba tu, kisha wanalisambaza kwenye magrupu. Kabla hujalipa, fanya hivi:

- Ingia kwenye ukurasa wa bendi yenyewe, si ule wa mtu aliyekutumia bango. Linganisha namba, tarakimu kwa tarakimu.
- Ukiweka namba, jina la mpokeaji litatokea kabla hujakamilisha malipo. Lisome. Kama bango linasema bendi na jina ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Uliza kwanza.
- Usikubali kuharakishwa. "Zimebaki tiketi mbili, tuma sasa hivi" ni maneno ya mtu asiyetaka usome jina.
- Hakuna tiketi inayohitaji PIN yako. Simu ya kweli kutoka Safaricom hutoka kwa 0722 000 000 pekee, na hata huko hawatakuuliza PIN.

Lipa ukiwa juu, si chini

Baadhi ya kumbi za muziki huu ziko chini ya ardhi, na huko netiweki inaweza kuwa shida. Watu hukwama kwenye ngazi, simu juu, foleni nyuma inalalamika. Lipia ukiwa bado barabarani. Subiri meseji ifike, kisha uionyeshe ikiwa na ile kodi ya herufi na tarakimu kumi.

Kama meseji inachelewa, usilipe mara ya pili kwa presha. Angalia salio lako kwanza. Huenda malipo yamepita na ni meseji tu iliyochelewa.

Na usishangae mtu wa mlango akikataa skrinishoti. Meseji bandia ni rahisi kutengeneza. Yeye anatakiwa kuangalia simu yake mwenyewe, aone pesa imeingia. Mpe nafasi. Analinda zile 2,000 za mpiga ngoma.

Ukishaingia na ukapenda unachosikia, tuza. Zamani kwenye benga na ohangla noti ilibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na bado hufanyika. Siku hizi unaweza kutuza kwa simu pia. Omba namba kwa msanii mwenyewe au uisome jukwaani, usichukue ya mtu anayezunguka akisema anakusanya kwa niaba yao.

Lakini weka kiasi chako kabla hujatoka nyumbani. Kufuliza saa nane usiku ili ununue raundi nyingine kuna gharama: unalipa ada ya kuchukua, na deni likikaa, ada ya kila siku.

Ukikosea

Umetuma kwa namba isiyo yako? Kwenye M-Pesa, tuma ile meseji ya malipo kwenda 456 mara moja. Ukichelewa na mpokeaji ameshaitoa pesa, kuirudisha kunakuwa vigumu. Ukipata meseji ya utapeli, itume kwenda 333.

Fahamu pia kwamba pesa uliyolipa kwa biashara hairudi kwa sababu tu umebadilisha mawazo. Mwenye biashara anahusishwa. Shoo ikiahirishwa, zungumza na mwandaaji kwanza, ukiwa na kodi yako ya malipo mkononi. Ndiyo maana tunasema usifute meseji hadi Jumatatu.

Na wewe unayeandaa shoo

Fungua till au Pochi, mtenganishe pesa ya mlango na pesa ya nyumbani. Andika kwenye bango jina litakalotokea mteja akilipa. Ukibadilisha ukumbi, usibadilishe namba. Weka mtu mmoja mlangoni mwenye simu yenye chaji, na kabla watu hawajaanza kuingia, kubalianeni nani anapata ngapi.

Wikendi njema. Soma jina, lipa mapema, halafu weka simu mfukoni usikilize bendi.