Gari Moshi la Abiria la Kampala Lisikatike Tena

Kila siku ya kazi, tangu alfajiri, Barabara ya Jinja inayoingia Kampala kutoka mashariki hujaa magari. Wafanyakazi watokao Namanve, Namboole na Kireka huketi ndani ya teksi zilizosimama, huku saa ya kuingia kazini ikiwapita. Mwenye haraka hupanda bodaboda, akalipa zaidi na kuhatarisha maisha yake. Na si mbali na barabara hiyo ipo reli inayofika hadi katikati ya jiji. Suala la reli hiyo kuchukua watu, wala si mizigo peke yake, linastahili kufahamika vizuri, kwa kuwa linagusa mfuko na wakati wa mwananchi mwenye kipato kidogo.

Yafaa ikumbukwe kwamba reli hii haikujengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa Kireka. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, Desemba 1901. Iliitwa Reli ya Uganda. Lakini mwaka 1902, wakati mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wa nchi ambayo sasa ni Kenya, reli hiyo yenye jina la Uganda ikawa haina hata stesheni moja ndani ya Uganda. Watu na bidhaa walivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, bandari iliyopewa jina la Hesketh Bell, Gavana wa Kiingereza wa wakati huo. Ni mwaka 1931 ndipo njia iliyopitia Tororo na kuvuka Mto Nile kwa daraja la Jinja ilipoingia Kampala. Mwaka 1956 ikafika Kasese, kuifuata shaba ya Kilembe.

Kwa hiyo shabaha ya watawala ilikuwa pamba, kahawa na shaba, vitu vilivyotakiwa kufikishwa pwani na kupakiwa melini. Abiria walisafirishwa, naam, lakini wengi wao walikuwa wasafiri wa mbali. Mtu wa kwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni hakuwamo katika hesabu, kwa sababu Kampala ya siku hizo ilikuwa mji mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014 jiji hilo lilikuwa na wakazi wapatao milioni moja na nusu, mbali na maelfu wanaolala Wakiso na Mukono na kufanya kazi zao Kampala.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja nalo likavunjika, na kila nchi ikaanzisha lake. Shirika la Reli la Uganda lilizaliwa katika wakati mgumu. Vita, upungufu wa vipuri na ushindani wa malori viliidhoofisha reli mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 usafiri wa abiria ukasimamishwa. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25.

Desemba 2015, kampuni hiyo ikishirikiana na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala ilianzisha gari moshi la abiria kati ya Kampala na Namanve, lililokwenda asubuhi na jioni katika siku za kazi. Wananchi walilipokea kwa furaha. Hata hivyo safari yake haikuwa nyepesi. Mkataba wa kampuni ulivunjwa kabla ya nusu ya muda wake, na mwaka 2018 Shirika la Reli la Uganda likaichukua huduma na kuiendesha lenyewe. Mwaka 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka 2023 huduma ilisimama tena ili njia ya kutoka Kampala kuelekea Mukono ifanyiwe matengenezo makubwa, ikarejea mwaka 2024.

Hakuna anayeweza kulaumu matengenezo, maana reli mbovu huangusha mabehewa. Lakini ni dhahiri kwamba kila huduma inapokatika, abiria hutawanyika. Mfanyakazi hupanga maisha yake kwa kufuata usafiri: mahali pa kupanga chumba, shule ya kumpeleka mtoto, saa ya kuamka. Akiambiwa kwamba gari moshi halipo hadi itakapotangazwa tena, hurudi kwenye teksi, na kumshawishi atoke huko mara ya pili ni kazi kubwa kuliko mara ya kwanza.

Faida ya usafiri huu inaonekana kwa hesabu rahisi. Teksi moja ina nafasi ya abiria 14. Ili kuchukua watu 700 zahitajika teksi 50, kila moja na dereva wake, mafuta yake na nafasi yake barabarani. Watu hao hao waweza kuvutwa na injini moja, wala wasiongeze gari hata moja katika msongamano. Anayeshuka katika stesheni ya Kampala aweza kwenda Nakasero au kwenye maduka ya katikati ya jiji kwa miguu.

Wapo wasemao kwamba reli ya zamani ni nyembamba mno, haifai kwa kazi ya jiji la kisasa. Hoja hiyo haina nguvu. Reli ya Uganda ina upana wa milimita 1,000. Reli ya kwanza ya Japani, iliyofunguliwa mwaka 1872 kati ya Shimbashi katika jiji la Tokyo na Yokohama, ilikuwa na upana wa milimita 1,067, tofauti isiyozidi vidole vinne. Mpaka leo njia nyingi zinazoingiza wafanyakazi jijini Tokyo, ikiwemo ile ya Chuo, ni za upana huo huo, nazo huhesabiwa miongoni mwa njia zenye abiria wengi sana duniani. Kilichowafikisha hapo ni njia mbili au zaidi badala ya moja, umeme, na ratiba inayoheshimiwa kwa dakika.

Japani inatoa funzo jingine. Mwaka 1910 mfanyabiashara Kobayashi Ichizo alifungua njia ya reli kutoka Osaka kwenda Takarazuka na Minoo, mahali ambapo wakazi walikuwa wachache. Akanunua ardhi kando ya njia hiyo, akajenga nyumba na kuziuza kwa malipo ya polepole. Walionunua nyumba wakawa abiria wake wa kila siku. Namanve, ambako Serikali imetenga eneo kubwa la viwanda, inahitaji mpango wa namna hiyo: makazi, masoko na stesheni vipangwe pamoja.

Majirani nao wamejaribu. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha gari moshi la mjini, ambalo wananchi waliliita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa siku hizo. Mwezi uliofuata Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau.

Yapo basi mambo matatu ya kutazamwa. La kwanza ni njia yenyewe. Kwenye reli moja, magari mawili yanayokutana hupishana stesheni tu, penye njia ya pembeni. Mmoja asipongoja, mwingine hapiti. Gari la shehena likichelewa, la abiria huchelewa pia. Oktoba 2024 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya, pana zaidi, kutoka Malaba hadi Kampala. Shehena itakapohamia huko, reli ya zamani isiachwe iote majani. Iwe mali ya abiria wa jiji.

La pili ni ardhi ya reli. Mwaka 2014 mabanda na maduka yaliyokuwa kando ya reli upande wa Ndeeba yalibomolewa, na wenye nayo walipoteza mali na riziki. Machungu hayo hayakuwapata wao peke yao, bali jamaa zao pia. Ni heri mipaka ya reli iwekewe alama na kulindwa mapema, kuliko kumwacha mwananchi ajenge kwa miaka kisha avunjiwe kwa siku moja.

La tatu ni makutano ya reli na barabara. Hapo panahitajika vizuizi na walinzi, na madereva hawana budi kujua kwamba gari moshi haliwezi kusimama ghafla kama teksi.

Juu ya yote hayo ni uaminifu. Ratiba ni ahadi, na ahadi ni deni. Mama muuza mboga anayengoja Kireka alfajiri haulizi injini imetoka nchi gani; anauliza kama itafika. Ikifika leo, na kesho, na mwezi ujao, atakata tiketi na kuwaambia jirani zake. Wenye dhamana ya reli wanapaswa kuhakikisha kwamba hangoji bure.