CHUMA NACHO HUCHOKA: ULIZA KIPIMO KABLA YA KULIPA

Na Mwandishi Wetu, Ulyankulu

Mchuuzi wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, anayesafirisha mahindi au asali kwa baiskeli huhesabu bei ya gunia na faida. Asichohesabu ni umri wa fremu. Ikikatika porini, mzigo hulala njiani na faida ya safari huishia hapo.

Wengi hulaumu mzigo wa siku hiyo. Kitaalamu, chuma huuawa na mzigo wa kawaida unaorudiwa mara nyingi. Ufa mwembamba huanzia penye kasoro, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, hukua polepole, kisha chuma hukatika ghafla. Mpagazi wa Kinyamwezi katika njia ya misafara ya Tabora na Ujiji alilala kituoni, na asubuhi nguvu zikarudi. Ufa wa chuma hauponi kwa kupumzika.

Elimu hii ilitoka relini. Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kuanzia miaka ya 1850, mhandisi August Wöhler wa Prussia alizungusha ekseli chini ya mzigo na kuhesabu mizunguko hadi zikatike. Vipimo vya leo vinafuata njia hiyo hiyo.

Kwa baiskeli, kiwango cha kimataifa ISO 4210 kinataka fremu ikanyagwe na mashine mara 100,000 bila kupata ufa. Hata hivyo, kiwango hicho hakihusu baiskeli maalumu za kubebea mizigo. Fremu iliyofaulu imepimwa kwa ajili ya mpandaji, si kwa magunia mawili kwenye keria. Aidha, kwenye maungio ya kuchomelea, mkazo ukiongezeka mara mbili umri hushuka hadi takriban sehemu moja ya nane.

Sasa soko la dunia lina bidhaa mpya: vimia vya chuma vinavyochapwa na mashine. Leza huyeyusha unga wa chuma tabaka juu ya tabaka, na kutengeneza kitu chepesi chenye matundu kama sega la nyuki. Vimia vya titani tayari hutumika katika nyonga za bandia, ambako mfupa huota ndani ya matundu. Vikikandamizwa mara moja huonyesha nguvu nzuri. Vikirudiwa kukandamizwa mara milioni, udhaifu hujitokeza: vijiti vyake vina ngozi ya kukwaruza na vitundu vya ndani, na kila kimoja chaweza kuzaa ufa. Kuvikanda kwa joto na shinikizo kubwa hupunguza vitundu, lakini ukwaruzo wa nje hubaki, na gharama hupanda.

Kwa mwekezaji mdogo, funzo ni moja. Anayeuza hisa au vipuri kwa kusifu wepesi na nguvu pekee ameeleza nusu ya habari. Mwulize: kimepimwa mizunguko mingapi, kwa mzigo gani, na sampuli ngapi? Sampuli moja haitoshi, kwani vipande vya mashine moja hutofautiana sana umri.

Kwa mwenye baiskeli, kagua maungio kila wiki kwa kitambaa na mwanga. Mstari wa kutu kwenye rangi mara nyingi ndio ufa wenyewe. Gharama ya fundi leo ni ndogo kuliko gunia lililolala porini.