Mfiwa Aliye Chuoni

Msiba ukitokea katika mji wetu wa Bagamoyo, kila mtu ajua la kufanya. Mikeka hutandikwa, sufuria huletwa, na mfiwa hana nafasi ya kukaa peke yake hata akitaka. Mkristo na Mwislamu huketi mkeka mmoja, jina la marehemu likatajwa na vituko vyake vikasimuliwa, hata mfiwa akacheka katikati ya machozi.

Walakini yuko mfiwa asiyetandikiwa mkeka, naye ni kijana aliye katika mwaka wake wa kwanza chuoni. Huko aliko hapana amjuaye marehemu wake. Akisema, "Baba amefariki," wenziwe humjibu, "Pole sana," kisha saa ya somo hufika, nao huenda zao. Si kwamba wana mioyo migumu. Hawajui la kuuliza.

Natumwangalie kijana mmoja ambaye habari zake zajulikana kwa watu wote, yaani Julius Nyerere. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, alifariki huko Butiama mwezi wa Machi 1942, naye kijana yu mwanafunzi Tabora. Mwaka uliofuata, 1943, akaingia chuo cha Makerere, Kampala, kujifunza ualimu. Huko ugenini ni nani angemjua Mzee Burito? Lakini alikuwa na rafiki. Mmoja ni Andrew Tibandebage, Mkatoliki. Mwingine ni Hamza Mwapachu, Mwislamu wa Tanga. Mwaka ule ule vijana hao wakaanzisha chama cha kuangalia maslahi ya Waafrika wa Tanganyika. Na ilipofika Desemba, Nyerere akabatizwa, akalichukua jina la Julius.

Mimi napenda kuutazama urafiki ule kwa sababu ulikuwa na kazi mikononi. Mtu aliyefiwa hawezi kuketi kutwa akiulizwa habari za moyo wake. Huchoka, tena huona haya. Bali akipewa barua ya kuandika, au mkutano wa kuandaa, ubavuni mwa mtu amtakiaye mema, siku hupita, na maneno mengine hutoka yenyewe bila kuvutwa. Tena urafiki ule haukuishia pale pale. Nyerere alipomaliza masomo, alifundisha pamoja na Tibandebage katika shule ya St. Mary's, Tabora.

Sasa niwaambie wazazi neno moja, hata kama litawachukiza. Imeingia desturi katika nyumba nyingi ya kumficha mwanafunzi habari ya kifo. Watu husema, "Asiambiwe mpaka amalize mtihani." Simu zake hujibiwa kwa uongo: mama amelala, mama amekwenda shamba. Basi kijana hurudi likizo na doti ya kanga aliyomnunulia mama yake kwa akiba yake ndogo, akakuta kaburi limekwisha kuota majani. Mtihani ameufaulu, ndiyo, lakini mazishi hayakumngoja, na tangu siku ile kila akiambiwa kwamba nyumbani wote ni wazima, hasadiki. Nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba mtoto amekuwa mgumu, hapigi simu tena. Apige kusikia nini?

Basi aambiwe. Lakini asiambiwe akiwa peke yake chumbani usiku. Kabla hujampigia, mtafute rafiki yake, au mwalimu wake, au mwenye nyumba anakopanga, aende akaketi naye kwanza. Kwa hiyo yafaa mzazi ajue mapema jina la rafiki wa mwanawe, wala asingoje siku ya msiba ndipo aanze kuuliza.

Nasi wa Bagamoyo jambo hili latuhusu mara mbili, maana watoto wetu huenda mbali, na watoto wa wenzetu huja kwetu. Wako wanaosomea uvuvi Mbegani, wako wanaosomea ngoma na michezo ya kuigiza katika chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Wengi wao wametoka bara, wala hawana shangazi hapa. Mmoja wao akipata habari ya msiba, naye amepanga uani kwako, usimpe pole ya mlangoni. Tandika mkeka, waite majirani wawili watatu, pika uji. Kisha mwulize marehemu aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani, mkamsikilize mpaka amalize.