Jahazi la filamu Zanzibar limejaa, mzigo wa Tabora bado uko njiani

FILAMU ni bidhaa kama tumbaku au asali. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa asali huonja kwanza ndipo akatoa fedha, wakati mtazamaji wa filamu hulipa mlangoni na kuonja baadaye. Bidhaa ya namna hiyo haipati bei bila gulio ambamo wanunuzi wakubwa, yaani vituo vya televisheni, wasambazaji na waandaaji wa matamasha mengine, huionja kabla ya umma. Kwa upande huu wa Bahari ya Hindi gulio linalojulikana zaidi ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, maarufu kama ZIFF, lililoundwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kituo chake kikuu kimekuwa Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani.

Jina la pili la tamasha hilo ni Tamasha la Nchi za Jahazi, na jina hilo ndilo linaloeleza shehena inayoshushwa. Zimo filamu za Afrika, za Bara Arabu, za Uajemi, za Bara Hindi na za visiwa vya Bahari ya Hindi. Zimo hadithi ndefu za saa mbili, filamu za matukio ya kweli, filamu fupi za dakika chache na hata katuni. Aidha, waandaaji wamekuwa wakipeleka turubai na mashine hadi vijijini Unguja na Pemba, ambako watu hutazama wakiwa wamekaa mkekani. Wapo wanaoona kuwa mchanganyiko huo ni mkubwa mno. Kibiashara hoja hiyo haina uzito, kwani duka linalouza kila kitu ndilo linalopata mteja kila siku, na mtu aliyeingia kufuata filamu ya Kihindi anaweza kutoka akiwa ameona ya Kitanzania bila kukusudia.

Mfano upo. Mwaka 2017, tamasha lilipotimiza awamu ya 20, pazia lilifunguliwa kwa T-Junction ya Amil Shivji, hadithi ya wasichana wawili wanaokutana hospitalini jijini Dar es Salaam. Miaka minne baadaye mtengenezaji huyo huyo aliipeleka Toronto filamu yake ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na mwaka 2022 ndiyo iliyoteuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Kabla yake nchi ilikuwa imepeleka filamu moja tu huko, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001.

Msomaji wa Tabora atauliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu jahazi linalotajwa katika jina la tamasha halikujazwa na kisiwa peke yake. Sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizopakiwa Zanzibar katika karne ya 19 zilitoka bara, kuanzia Manyema na Ujiji, zikapita Unyanyembe, zikateremka hadi Bagamoyo. Tabora ilikuwa ghala la njia nzima. Hapo wafanyabiashara walipumzisha mali, wakabadilisha wapagazi, wakakopeshana na kusubiri habari za bei kutoka pwani. Burton na Speke waliingia Kaze, kama walivyopaita, Novemba 7, 1857, baada ya siku 134 za safari. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takribani frasila mbili, kiasi cha kilo 32, na sehemu kubwa ya ujira wake ilikuwa nguo, hasa merikani iliyofumwa huko Marekani. Njiani watawala walitoza hongo, neno ambalo enzi hizo lilikuwa ushuru wa wazi, unaojadiliwa mchana mbele ya watu. Maana ya leo ilikuja baadaye.

Hadithi ya njia hiyo imekwisha kuuzwa katika soko la dunia, na si mara moja. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Kikosi cha wapiga picha kililetwa Afrika Mashariki kuchukua mandhari na misafara, lakini waigizaji wakuu walibaki Marekani. Mwaka 1990 ikaja Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, inayohusu safari ile ile ya Burton na Speke. Hiyo ilipigwa Kenya. Kwa lugha ya hesabu, jina la bidhaa lilikuwa la Unyanyembe, ila fedha za hoteli, magari, mahema, chakula na vibarua wa kuigiza ziliachwa kwa jirani. Ni haki kusema pia kwamba filamu hiyo ilipata hasara katika majumba ya sinema, kwa hiyo asidhani mtu kuwa msafara ukionekana kwenye turubai basi fedha zinajileta zenyewe.

Katika filamu hizo zote mbili mzungu yuko mbele na wapagazi wako nyuma. Hapo ndipo penye pengo la soko, na ghala la Tabora limejaa mali ya kulijaza. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga barabara ya Ujiji kwa vita dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Stanley mwenyewe alijiunga na Waarabu hao, wakapigwa, akalazimika kuzunguka kusini ili kufika Ujiji. Januari 1893 Mtemi Isike, alipoona boma lake limeingiwa na Wajerumani, aliwasha ghala lake la baruti akiwamo ndani. Mwaka 1916 Wajerumani hao hao, wakiwa wamezingirwa na wameishiwa fedha, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Wabelgiji waliuchukua mji Septemba mwaka huo. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kwa kipande kimoja, ilhali vijana wengi wanaopita stesheni ya Tabora kila siku hawana habari kuwa mji wao ulipata kutoa dhahabu yenye jina lake.

Iliyo bora kuliko zote, kwa macho ya mwenye kutafuta filamu, ni safari ya Chuma na Susi. Livingstone aliondoka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Agosti 25, 1872, na alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake waliukausha mwili na kuubeba kurudi pwani. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, ambaye alishauri azikwe papo hapo. Walikataa. Mbele ya safari, wakijua kwamba vijiji vya njiani havitakubali maiti ipite, waliufunga mwili upya ukaonekana kama mtumba wa kawaida wa nguo, wakapita nao katikati ya watu hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Mtu yeyote aliyewahi kupitisha mzigo mbele ya watoza ushuru ataikalia filamu hiyo hadi mwisho.

Tatizo ni mtaji. Filamu ndefu ya msafara inadai mamia ya watu wa kuvaa na kulishwa, punda, tembe za kujengwa na wiki nyingi porini. Benki huomba dhamana, na hadithi iliyoandikwa kwenye karatasi si hati ya nyumba. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umekuwa ukikopesha wasanii, lakini kwa kazi ya ukubwa huo mkopo mmoja hauwezi kutosha.

Hata hivyo ule mchanganyiko wa ZIFF ndio unaompa nafasi mwenye mtaji mdogo. Kwa kuwa tamasha hupokea filamu fupi na za matukio ya kweli, Tabora haina haja ya kuanza na wapagazi mia tano. Filamu ya dakika 20 kuhusu rupia ya 1916 inahitaji karakana, mzee anayejua kusimulia na sarafu moja ya kuazima. Ya saa moja kuhusu Chuma na Susi inaweza kupigwa katika misitu ya miombo ambayo bado ipo, na katika tembe la Kwihara ambalo sasa ni makumbusho. Kazi kama hizo zikipata jina, Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ni wanunuzi walio nyumbani. Mwenye kutaka fedha za nje naye ana hoja nzuri mkononi, kwani njia hiyo ya kati imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006.

Kusubiri nako kuna gharama yake. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu minofu ya sangara wa Mwanza. Ilisambaa Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kuwa inaichafulia nchi jina. Iwe ilisema kweli au ilitia chumvi, wafanyabiashara wa samaki wa Mwanza walijikuta wakielezwa kwa wateja wao na mtu mwingine, katika lugha nyingine.

Wanunuzi wengine wa filamu hizo wako mlangoni. Rwanda, kupitia tamasha lake linaloitwa pia Hillywood, ilionyesha miaka mingi iliyopita kwamba turubai la kujazwa upepo linaweza kufika kijiji chochote chenye barabara. Goma nayo, katika ukanda ambao misafara ya Manyema iliufungua kibiashara, ilipata tamasha lake la Salaam Kivu. Kati ya pwani na Kongo, Tabora ndiyo iliyobaki na mabanda ya video, ambayo kwa miaka mingi yamejaza watu kwa filamu za Hong Kong na za Marekani zenye msimulizi wa Kiswahili juu yake. Wateja hao wamezoea kulipa kiingilio kidogo kila jioni.

Kwa wanaotaka kujaribu, jambo moja la hesabu husahaulika mara nyingi. Filamu yenye mazungumzo ya Kinyamwezi au Kiswahili huhitaji maandishi ya Kiingereza chini ya picha ili majaji na wanunuzi wa nje waielewe, na mfasiri mzuri hulipwa. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na posho ya punda.