Kujiandaa kwa Mtihani wa Kuingia Shule za Biashara: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili Katika Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Wahenga hawakukosea walipotuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kaunti za Migori na Homa Bay wapo wahitimu wengi wa shahada ya ualimu waliosomea Kiswahili pamoja na somo jingine, ambao baada ya miaka michache ya kufundisha hutamani kuendeleza masomo yao katika uwanja wa biashara na usimamizi. Baadhi yao ni maafisa wa vyama vya akiba na mikopo vya walimu. Wengine wamejitosa katika biashara ya samaki ziwani, miwa kule Awendo au nafaka katika mpaka wa Isebania. Hata hivyo, wanapopata habari kwamba shule kadhaa za biashara hudai mtihani wa kuingia, aghalabu wao hukata tamaa kabla ya kuanza. Husema kwamba mtihani huo ni wa watu wa hesabu na uchumi, na kwamba aliyesomea lugha hana lake hapo.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Kwanza, tutaeleza mtihani wenyewe ulivyo. Pili, tutaonyesha kwa mifano namna stadi anazofunzwa mwanafunzi wa Kiswahili zinavyoingiliana na maswali ya mtihani huo. Hatimaye tutajadili matayarisho, pamoja na vikwazo ambavyo mtahiniwa wa maeneo haya hana budi kuvikabili. Mifano ya biashara tutakayoitoa ni ya kubuni, ila mazingira yake ni yale ambayo msomaji wa Migori au Homa Bay anayafahamu.

2. Mtihani Wenyewe

Mtihani unaojulikana zaidi katika uwanja huu ni GMAT. Mwaka 1953 wawakilishi wa shule tisa za biashara nchini Marekani walikutana kutafuta kipimo kimoja cha kuwapima waombaji wao, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 1954. Jina la GMAT lilianza kutumika mwaka 1976. Toleo jipya la mtihani lilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2023, na lile la zamani likasitishwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Jambo hili ni muhimu kwa msomaji wetu, kwa sababu vitabu vingi vilivyotumika vinavyouzwa kwa bei nafuu bado ni vya toleo la zamani. Anayevitumia hujikuta akijifunza maswali ya jiometria, insha na usahihishaji wa sentensi ambayo sasa yameondolewa.

Mtihani wa sasa una sehemu tatu, kila moja ya dakika 45. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, sehemu ya lugha ina maswali 23, na sehemu ya uchanganuzi wa data ina maswali 20. Muda wote ni saa mbili na robo, mbali na mapumziko mafupi ya hiari. Alama ya jumla huwa kati ya 205 na 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa katika kuikokotoa. Maana yake ni kwamba sehemu ya lugha haipungui thamani hata kidogo ikilinganishwa na ile ya hesabu.

Mtihani hufanywa kwa kompyuta, na ugumu wa maswali hubadilika kulingana na majibu ya mtahiniwa: akijibu vizuri, huletewa maswali magumu zaidi. Kwa hivyo, mtahiniwa anayehisi kwamba maswali yanazidi kuwa magumu asifadhaike; huenda hiyo ikawa dalili njema. Katika kila sehemu ameruhusiwa kurudi nyuma na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu.

Ujuzi wa biashara hauhitajiki. Hakuna swali linalomtaka mtahiniwa aeleze maana ya mtaji au mizania ya hesabu. Kinachopimwa ni uwezo wa kusoma, kupima hoja na kufanya uamuzi kwa muda mfupi.

3. Ufahamu na Upimaji wa Hoja

Sehemu ya lugha ina maswali ya aina mbili: ufahamu na upimaji wa hoja. Mwanafunzi aliyepitia karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, yenye ufahamu wa alama 15 na ufupisho wa alama 15, si mgeni kabisa. Mwalimu wake alimwonya mara nyingi kwamba jibu la ufahamu hutoka katika taarifa na si kichwani mwake. Kanuni hiyo ndiyo nguzo ya GMAT. Chaguo linaloweza kuwa kweli duniani, lakini halithibitishwi na kifungu, ni jibu lisilo sahihi.

Tuchukue mfano wa upimaji wa hoja. Tuseme imeandikwa kwamba wakulima wa Awendo waliopanda aina mpya ya miwa walivuna zaidi kuliko majirani wao waliopanda aina ya zamani; kwa hivyo aina mpya ndiyo iliyosababisha ongezeko hilo. Mtahiniwa anaulizwa ni taarifa ipi ingedhoofisha hoja hii zaidi.

Hatua ya kwanza ni kutenga dai na ushahidi. Dai hufuata kiunganishi 'kwa hivyo'. Ushahidi ni tofauti ya mavuno. Hatua ya pili ni kutafuta dhana iliyofichika, yaani jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa kweli bila kulitaja. Hapa amechukulia kwamba makundi hayo mawili ya wakulima yalifanana katika mambo mengine yote. Hatua ya tatu ni kutafuta chaguo linaloigusa dhana hiyo. Tukiambiwa kwamba waliopanda aina mpya ndio pekee waliotumia mbolea msimu huo, hoja inayumba. Tukiambiwa kwamba bei ya sukari ilipanda mwaka huo, hoja haitikisiki, kwa kuwa bei haihusiani na wingi wa mavuno shambani.

Msomaji ataona kwamba kazi hii haitofautiani sana na uchanganuzi wa usemi tunaoufanya darasani. Anayezoea kuuliza msemaji amedai nini, kwa ushahidi gani, na ameficha nini, amekwisha kuanza matayarisho bila kujua.

4. Utoshelevu wa Data

Aina ya swali inayowatatiza wengi ni ile tutakayoiita utoshelevu wa data. Mtahiniwa hupewa swali pamoja na taarifa mbili. Haombwi kutoa jibu la swali, bali kuamua iwapo taarifa alizopewa zinatosha kulijibu: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili kwa pamoja, yoyote kati yake, au hata zikiunganishwa hazitoshi.

Tuseme mama mmoja alinunua magunia ya omena Mbita, yote kwa bei moja, akayauza yote mjini Homa Bay kwa bei moja. Swali: alipata faida ya shilingi ngapi kwa jumla? Taarifa ya kwanza: kila gunia lilimpa faida ya shilingi 300. Taarifa ya pili: bei ya kuuzia ilizidi bei ya kununulia kwa asilimia 20.

Taarifa ya kwanza haitoshi kwa kuwa hatujui idadi ya magunia. Ya pili pia haitoshi, kwani inatupa uwiano pekee. Je, tukiziunganisha? Hapa ndipo mtego ulipo. Ikiwa shilingi 300 ni asilimia 20 ya bei ya kununulia, basi kila gunia lilinunuliwa kwa shilingi 1,500. Mtahiniwa mwenye pupa hufurahia kupata nambari hiyo na kuhitimisha kwamba taarifa zinatosha. Lakini swali halikuuliza bei ya gunia. Liliuliza faida ya jumla, na idadi ya magunia bado haijulikani. Jibu ni kwamba hata zikiunganishwa hazitoshi. Laiti swali lingekuwa gunia moja lilinunuliwa kwa shilingi ngapi, taarifa hizo mbili kwa pamoja zingetosha.

Kosa katika mfano huu halikutokana na udhaifu wa hesabu. Limetokana na kusahau kile kilichoulizwa, na hilo ni kosa la usomaji.

5. Kiswahili Kama Chombo cha Kufikiri

GMAT hufanywa kwa Kiingereza, na hatupendekezi mtu aidanganye nafsi yake kuhusu hilo. Hata hivyo, wanafunzi wa maeneo haya ni wajuzi wa lugha nyingi. Nyumbani wanazungumza Kidholuo, Kikuria au Kisuba; darasani wanatumia Kiingereza na Kiswahili. Kulisema upya swali kwa lugha nyingine ni njia nzuri ya kupima iwapo umelielewa.

Zingatia tofauti kati ya sentensi hizi mbili: 'Bei iliongezeka kwa asilimia 20' na 'Mgao wa soko uliongezeka hadi asilimia 20'. Kihusishi 'kwa' kinaonyesha kiasi cha badiliko, ilhali 'hadi' kinaonyesha kikomo chake. Mgao uliotoka asilimia 10 hadi 20 umeongezeka maradufu, yaani kwa asilimia 100 ya ulivyokuwa. Anayechanganya vihusishi hivi hupoteza alama hata kama ukokotoaji wake hauna dosari.

Vivyo hivyo, sentensi 'Wafanyabiashara wote hawakulipa kodi' ina utata. Yaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyelipa, au kwamba baadhi yao walilipa na wengine hawakulipa. Tukisema 'Si wafanyabiashara wote waliolipa kodi', utata unaondoka. Mwanafunzi wa isimu amefunzwa kutambua mawanda ya ukanushi. Katika mtihani huu elimu hiyo ina thamani ya moja kwa moja.

6. Matayarisho na Vikwazo

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwombaji aiulize shule anayoitaka ikiwa inadai mtihani huu. Vyuo vikuu vingi vya humu nchini kwa kawaida humpokea mwombaji wa uzamili wa biashara kwa kuzingatia shahada yake ya kwanza. Shule za ng'ambo kama vile INSEAD, London Business School na ile ya Harvard hutambua GMAT, lakini pia hukubali GRE, ambao ni mtihani wa jumla wa masomo ya uzamili. Ada ya mtihani ni mamia ya dola za Marekani, kiasi kisicho kidogo kwa mwalimu anayeanza kazi. Kulipa bila kuuliza ni kukata mbuga usiku bila taa.

Ikibainika kwamba mtihani unahitajika, tunapendekeza matayarisho ya majuma kumi na mawili hivi. Katika juma la kwanza, mtahiniwa afanye jaribio zima katika muda uliowekwa ili ajue alipo. Waandaaji wa GMAT hutoa majaribio mawili kamili bila malipo kwenye intaneti. Majuma matano yanayofuata yawe ya kurejelea misingi: sehemu, asilimia, uwiano, milinganyo na takwimu za msingi. Mengi ya haya yamo katika hesabu za shule ya upili. Majuma manne baada ya hapo yawe ya maswali yenyewe, na mawili ya mwisho yawe ya majaribio kamili.

Mtahiniwa aliyezoea KCSE ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, kikokotoo hakiruhusiwi katika sehemu ya hesabu. Hupatikana kwenye skrini katika sehemu ya data pekee. Pili, hakuna alama za njia. Katika KCSE aliyekosea jibu la mwisho huweza kuokolewa na hatua zake. Hapa jibu ni moja tu. Tena, muda ni kama dakika mbili kwa kila swali, na anayeacha maswali mwishoni mwa sehemu huadhibiwa. Ni heri kukisia na kusonga mbele kuliko kung'ang'ania swali moja.

Tunashauri pia kuwepo kwa daftari la makosa. Kila kosa liandikwe pamoja na chanzo chake: je, sikujua kanuni, nilisoma vibaya, au niliharakisha? Baada ya majuma machache, daftari hilo humwonyesha mtahiniwa udhaifu wake kuliko kitabu chochote.

Kuhusu mahali, mtahiniwa anaweza kusafiri hadi kituo cha mtihani au kuufanya nyumbani kwa kompyuta. Mtihani wa nyumbani unadai chumba cha faragha, kamera na intaneti isiyokatika, na umeme ukipotea katikati hasara ni ya mtahiniwa. Kwa wengi, safari ya usiku kwa basi kutoka Migori kupitia Kisii na Narok hadi Nairobi ina uhakika zaidi, mradi afike siku moja kabla na alale. Jina la usajili lilingane barabara na lile la kitambulisho chake. Asipofurahishwa na matokeo, anaweza kurudia baada ya siku 16, ila si zaidi ya mara tano katika kipindi cha miezi kumi na miwili.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mtihani wa kuingia shule za biashara hupima zaidi usomaji makini na upimaji wa hoja, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana akiba ya stadi hizo. Hatudai kwamba akiba hiyo inatosha. Hesabu lazima zifanyiwe mazoezi, na gharama ni kikwazo halisi. Tunachodai ni kwamba mlango haujafungwa kwa sababu ya somo alilolichagua.

Kuanzia mwaka 1959, Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alishiriki kuandaa safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Leo eneo hili lina Chuo Kikuu cha Rongo katika Migori, na Homa Bay ina chuo kikuu chenye jina la Mboya mwenyewe. Vyama vya Kiswahili katika vyuo hivi vinaweza kuunda vikundi vidogo vya mazoezi, ambamo wanafunzi wa lugha na wa hesabu watafunzana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafunzi watano wenye kompyuta moja, jaribio la bure na daftari la makosa wanaweza kuanza Jumamosi hii.