Nywele Zikitoka, Usikimbilie Kupaka Dawa

Nywele zikianza kutoka, wengi wetu hatuulizi sababu. Tunauliza dawa ya kupaka.

Tuanze na watoto. Mtoto akiwa na mabaka ya mviringo kichwani, yenye magamba na nywele zilizokatika, mara nyingi huo ni ugonjwa wa mapunye. Wengine husema amelogwa. Sivyo. Hata jina la Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni "tupa uchawi"!

Mapunye huletwa na fangasi. Fangasi huingia ndani ya shina la unywele. Dawa ya kupaka haifiki huko. Ndiyo maana mzazi hupaka mwezi mzima na mabaka yasiishe. Dawa inayoponya ni ya kumeza. Mojawapo huitwa griseofulvini. Mtoto huimeza kila siku kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga, ili iingie vizuri mwilini. Kipimo hutegemea uzito wake. Kwa hiyo aletwe zahanati kwanza. Wakati huo asiazimane kofia, kitana wala wembe na wenzake.

Usimpake mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi. Tena huku Ufipa kuna baridi, na watoto hupenda kuota moto jikoni. Kichwa chenye mafuta ya taa hushika moto upesi. Kidonda kikubwa huacha kovu, na juu ya kovu nywele hazioti tena.

Mama aliyejifungua naye huweza kutokwa na nywele nyingi, kuanzia mwezi wa 3 hivi. Hizo kwa kawaida huota zenyewe. Asipoteze fedha.

Kuna dawa ya kupaka iitwayo minoksidili. Kwanza ilikuwa kidonge cha kushusha shinikizo la damu. Waliokimeza wakaota nywele mwilini. Mwaka 1988 Marekani iliruhusu ipakwe kichwani kwa ajili ya upara. Huwasaidia baadhi ya watu wenye upara wa kurithi, lakini wakiacha kuipaka, nywele hutoka tena. Haitibu mapunye. Haifai kwa mtoto, mjamzito wala mama anayenyonyesha. Ikipakwa penye kidonda huingia kwa wingi katika damu, na mtu huweza kuona kizunguzungu au moyo kwenda mbio.

Kama umekwisha kununua dawa, njoo zahanati na chupa yake. Mtoto aje bila kupakwa kitu kichwani, ili mabaka yaonekane.