Presha ya macho: Mgonjwa ajengewe kujiamini kabla ya kuruhusiwa

Na Mwandishi Wetu

MVUVI wa Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, anaweza kufanyiwa upasuaji wa presha ya macho kisha akarudi nyumbani na swali moja: mbona sioni vizuri zaidi ya awali?

Jibu ni kwamba upasuaji huo haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Ugonjwa huo, unaoitwa pia glakoma, huharibu polepole mshipa wa fahamu wa jicho, aghalabu bila maumivu. Daktari hufungua njia mpya ya kupitisha maji ya jicho ili shinikizo lishuke na uoni uliobaki usalimike.

Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulibaini kuwa takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo.

Baada ya upasuaji, kovu huweza kuziba njia iliyofunguliwa, na vijidudu huweza kuingia. Hivyo mgonjwa hutakiwa kutumia dawa za matone kwa wiki kadhaa, kutosugua jicho, kutoinua mizigo mizito na kuhudhuria kliniki. Kwa anayeishi mbali na daktari wa macho, kazi hiyo humwangukia yeye mwenyewe na jamaa zake.

Hapo ndipo muuguzi anapohitajika. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa mtu hudumu katika jambo anapoamini kuwa analiweza. Imani hiyo hujengwa kwa njia 4: kulitenda na kufaulu, kumwona mwenzake akifaulu, kutiwa moyo, na kutulizwa hofu.

Kwa hiyo, kumsomea mgonjwa orodha ya masharti hakutoshi. Muuguzi humwachia chupa ajidondoshee mwenyewe: anawe mikono, avute kope la chini, adondoshe tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Akikosea, huelekezwa na kurudia. Humkutanisha pia na aliyepona, na humweleza mapema kuwa uoni huweza kufifia siku za mwanzo, asije akakata tamaa na kuacha dawa.

Karema inafahamu thamani ya mhudumu aliye karibu na watu. Adrian Atiman, katekista aliyefunzwa utabibu huko Malta, aliwahudumia wakazi wake tangu mwishoni mwa karne ya 19 na akafariki dunia mwaka 1956.

Jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au uoni ukipungua ghafla, hata baada ya miaka, mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Asitie dawa za kienyeji. Ndugu zake wa damu nao wapimwe, kwani ugonjwa huu hurithiwa katika familia.